Jumapili ya wageni, Jumatano ya wenyeji: kisa cha Willow Creek

Mwaka 1991 Chuo cha Biashara cha Harvard kiliwapa wanafunzi wake kisa ambacho hakikuhusu kiwanda cha magari wala benki. Kilihusu kanisa: Willow Creek Community Church, lililoko South Barrington, kaskazini-magharibi mwa Chicago, Marekani. Wasomi wa biashara walitaka kujua ilikuwaje vijana waliokuwa wakisali kwenye ukumbi wa sinema wa kukodi wakaishia kukusanya maelfu ya watu kila mwisho wa juma.

Mimi nimekirudia kisa hicho kwa sababu nyingine. Ugomvi wa ibada katika sharika zetu huanzia kwenye vyombo. Wazee wanalalamikia spika zinazotikisa vioo, taa za rangi, moshi unaofuka kama wa ukumbi wa harusi, kiongozi wa sifa anayeruka jukwaani na kuwaamuru watu wageuke wamwambie jirani yao hiki na kile hadi jirani anachoka kuambiwa. Vijana wanajibu kwamba wazee wamezoea ibada ya kusinzia. Pande zote mbili zinadhani jambo limeanza juzi, na kwamba limeletwa na simu na utovu wa adabu. Lakini sehemu kubwa ya mtindo huu ilipangwa na watu waliojua wanachofanya, kwa kalamu na karatasi, miaka hamsini iliyopita. Wao wenyewe waliuwekea mpaka. Ni huo mpaka ninaotaka kuufuatilia: uliwekwa wapi, ulifutikaje, na kwa nini sisi tuliouiga mtindo hatukuuona kabisa.

Bill Hybels, mwanzilishi na mchungaji wa Willow Creek, alikuwa na umri wa miaka 23 kanisa lilipoanza. Alizaliwa Kalamazoo, Michigan, katika familia ya wafanyabiashara wa mboga na matunda. Kabla ya kanisa kuanza, yeye na Dave Holmbo, aliyekuwa mwanamuziki, waliongoza kikundi cha vijana kilichoitwa Son City katika kanisa moja la Park Ridge, karibu na Chicago. Walipiga muziki ambao vijana waliusikia redioni, wakaweka maigizo mafupi, wakafundisha Biblia kwa maneno ya kawaida. Vijana wakafurika mpaka wakakaribia elfu moja. Swali likawa: kama inawezekana kwa vijana, kwa nini isiwezekane kwa wazazi wao?

Wakaingia mtaani na dodoso. Walibisha hodi nyumba kwa nyumba, wakauliza kama mwenye nyumba anasali kanisa lolote. Akisema anasali, walimshukuru na kuondoka. Akisema hasali, walimuuliza kwa nini. Majibu yalifanana: makanisa yanaomba fedha kila mara, ibada zinachosha, mambo ni yaleyale, unajua kitakachofuata, mahubiri hayagusi maisha yangu, nikitoka pale najiona mbaya kuliko nilivyoingia. Vijana wakauza makapu 1,200 ya nyanya ili kupata fedha za vyombo, wakakodi ukumbi wa sinema wa Willow Creek mjini Palatine, na tarehe 12 Oktoba 1975 wakafanya mkutano wa kwanza. Walikuja watu kama 125. Jina la sinema likawa jina la kanisa. (Nairobi nako majumba kadhaa ya zamani ya sinema yamegeuzwa makanisa; kiti kilekile, pazia lilelile, kilichobadilika ni kinachooneshwa.)

Nisiwe mchoyo wa sifa. Wazee wa kanisa wangapi kwetu wameshawahi kumfuata asiyesali mpaka mlangoni kwake na kumuuliza, kwa upole, kilichomkimbiza? Tunakaa kwenye kikao, tunaagiza soda, tunakisia. Wale vijana waliuliza, wakasikiliza, wakaandika. Na baadhi ya waliyoambiwa yalikuwa kweli tupu. Kuna ibada zinazochosha kwa sababu mhubiri hakujiandaa, si kwa sababu Mungu ni mzito.

Kutoka kwenye majibu hayo walichora mtu wa kubuni, mwanamume wa kitongoji mwenye kazi nzuri asiye na habari na kanisa, wakampa jina la utani Harry. Kila uamuzi ulipimwa kwa Harry. Hapendi kusimamishwa mbele ya watu? Basi mgeni asitambulishwe. Linganisha na kwetu, ambako mgeni husimama, hutaja jina, usharika alikotoka na salamu alizotumwa, kisha huimbiwa na kupigiwa makofi. Harry anachukia kuombwa fedha? Mgeni aliambiwa kabisa kwamba kapu la sadaka likipita asijisikie kudaiwa. Harry anaogopa alama za dini? Walipojenga South Barrington mwaka 1981, ukumbi wao haukuwa na msalaba wala vioo vya rangi vyenye picha za watakatifu. Ulikuwa na madirisha makubwa yanayotazama ziwa. Muziki ulikuwa wa bendi. Kabla ya mahubiri kulikuwa na igizo fupi kuhusu ndoa, kazi, upweke, watoto, na mahubiri yalianzia hapo igizo lilipoishia. Hapakuwa na zaburi za kupokezana, hapakuwa na kupiga magoti, na mshiriki hakutakiwa kujua lolote kabla ya kuingia.

Hapa ndipo wengi wanaokilaani kisa hiki wanaporuka ukurasa. Viongozi wa Willow Creek hawakusema kwamba mkutano huo ndio ibada ya kanisa. Walisema ni mkutano wa watafutaji. Waumini walikuwa na siku yao, jioni katikati ya juma, na ndiyo iliyoitwa ibada: waliimba kwa muda mrefu, wakafundishwa Biblia kwa kina, wakashiriki Meza ya Bwana. Jumapili ilikuwa ya wageni. Jumatano na Alhamisi zilikuwa za wenyeji. Burudani iliwekwa sebuleni, na chumba cha ndani kikaachwa kwa kazi yake.

Unaweza kuubishia mpango huo. Mimi naubishia: tangu siku za mwanzo Wakristo walikutana siku ya kwanza ya juma kwa sababu ni siku ya ufufuo, na kuihamisha ibada kwenda Jumatano ili kumpisha Harry ni kumtoa bwana harusi chumbani kwake ili wageni wapate kulala. Lakini ulikuwa mpango wenye akili na wenye uaminifu. Ulitambua kwamba kumvutia mtu na kumwabudu Mungu ni kazi mbili, na kwamba chombo cha moja hakitoshi nyingine. Anayekuita kwa tarumbeta si lazima apige tarumbeta hiyohiyo usiku kucha.

Tatizo la kwanza lilikuwa la hesabu tu. Waliokuja mwisho wa juma walikuwa wengi kuliko waliokuja katikati ya juma. Maana yake wapo waliofika kama Harry wakabaki Harry: wakabatizwa, wakapata marafiki, watoto wao wakakua ndani ya kanisa, na kwa miaka yote hiyo walichokijua kama kanisa ni kiti laini, bendi nzuri, igizo lenye kuchekesha na hotuba yenye manufaa. Sebule iliyo nzuri mno ina hatari hiyo. Mgeni haoni sababu ya kuingia ndani.

Tatizo la pili liko ukutani. Imeandikwa mara nyingi kwamba nje ya ofisi ya Hybels palibandikwa maswali ya Peter Drucker, gwiji wa elimu ya uongozi wa biashara: biashara yetu ni ipi? Mteja wetu ni nani? Mteja anathamini nini? Ni maswali mazuri kwa mwenye duka. Hata kanisa linaweza kuyatumia kupanga maegesho ya magari. Ila ukiyapeleka kwenye ibada, swali la pili linakuwa na majibu mawili yanayogombana. Anayepokea ibada ni nani? Kwa imani ya Kikristo ni Mungu, na wote waliomo ndani, mchungaji, kwaya, bibi wa kiti cha nyuma, ni watoaji. Kwa maswali ya ukutani anayepokea ni aliyeketi, na watoaji ni wachache wa jukwaani. Ukishakubali hilo hata bila kulitamka, mengine yote yanafuata yenyewe. Viti vinaelekezwa jukwaani kwa sababu ndiko huduma inakotoka. Taa za waliokaa zinazimwa, za jukwaani zinawaka. Sauti ya bendi inapandishwa mpaka sauti ya mkutano haisikiki, na hakuna anayeona kasoro, kwa kuwa mkutano haukuja kuimba, umekuja kuimbiwa. Kumbuka dodoso la Palatine: walimuuliza kila mtu isipokuwa Yule ambaye ibada ni yake.

Mtindo ukakua. Mwaka 1992 ikaundwa jumuiya ya makanisa yaliyotaka kujifunza kutoka Willow Creek, ikaja kuwa na maelfu ya wanachama katika nchi nyingi. Mwaka 1995 ukaanza mkutano wao wa mwaka wa mafunzo ya uongozi, ambao baadaye ulirushwa na kurudiwa sehemu mbalimbali za dunia, Afrika Mashariki ikiwamo. Mwaka 2004 wakafungua ukumbi mpya wa viti zaidi ya 7,000. Waliokwenda kujifunza walirudi na daftari lililojaa vitu vinavyoonekana: bendi, skrini, igizo, mahubiri ya mada sita za ndoa, vikombe vya kahawa mlangoni. Kitu kisichoonekana hakibebeki kwenye begi. Jumatano ilibaki South Barrington.

Kuna msemo wetu kuhusu kumuiga tembo ambao sitaumalizia hapa kwa sababu ya mada. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Makanisa mengi, ya Marekani kwanza na yetu baadaye, yalichukua mkutano wa watafutaji yakaufanya ndiyo ibada pekee ya juma. Mpaka haukuvunjwa na mtu. Ulisahaulika tu kupakiwa.

Halafu ukaja mwaka 2007, na hapa lazima nivue kofia. Greg Hawkins, mmoja wa wachungaji wakuu wa utawala, na Cally Parkinson walichapisha matokeo ya utafiti ulioitwa Reveal. Ulianza mwaka 2004 kwa kuwahoji washiriki wa Willow Creek wenyewe, kisha makanisa mengine yakaongezwa. Dhana iliyoendesha kanisa kwa miaka thelathini ilikuwa rahisi: mtu akishiriki shughuli nyingi za kanisa, atazidi kumpenda Mungu na watu. Takwimu zikakataa. Ushiriki wa shughuli haukutabiri ukuaji huo. Takriban robo ya waliojibu walijieleza kwamba wamekwama kiroho au hawaridhiki. Na kati ya wasioridhika walikuwamo wale waliokomaa zaidi, watu waliotoa muda na fedha zao, ambao kwa kanuni za biashara ndio wateja bora. Baadhi yao walikuwa wakifikiria kuondoka. Hybels alisimama mbele ya watu akasema walikosea.

Nabii Ezekieli aliwahi kuambiwa na Mungu jambo la namna hiyo, katika sura ya 33: kwa watu wake amekuwa kama wimbo mzuri wa mtu mwenye sauti ya kupendeza, apigaye kinanda vizuri, wanasikia maneno yake, lakini hawayatendi. Sikumbuki andiko lingine linaloeleza burudani ya ibada kwa ukali na upole wa pamoja kama hilo. Ezekieli hakuwa mwimbaji. Alikuwa nabii mwenye maneno ya kutisha, na bado watu walifaulu kumgeuza tamasha. Kwa hiyo hata mhubiri asiye na gitaa asijione salama.

Nasema navua kofia kwa sababu hebu fikiria kanisa lolote kubwa la mjini kwetu likiwahoji washiriki wake kwa siri, likagundua kwamba robo wamekwama, kisha likachapisha. Sisi tunachapisha picha ya umati.

Hata hivyo tiba waliyoichagua inanipa shaka. Hybels alisema walipaswa kuwafundisha waumini mapema kujilisha wenyewe: kusoma Biblia, kuomba, kuishi imani bila kusubiri programu. Ni kweli na ni muhimu, lakini angalia lugha. Tangu dodoso hadi Reveal, muumini ni mlaji. Mwanzo alilishwa, sasa afundishwe kujipikia. Neno ambalo halikuingia kwenye mjadala ni lile la Waraka kwa Waebrania, sura ya 12, unaoagiza ibada itolewe kwa unyenyekevu na kicho, kwa kuwa Mungu wetu ni moto ulao. Na mwaka 2008 yakatangazwa mabadiliko: mkutano wa mwisho wa juma uelekezwe zaidi kwa waumini wanaokua, na ibada ya katikati ya juma igeuzwe madarasa ya Biblia na mafundisho. Madarasa ni mema. Lakini angalia kilichotokea kwa mpaka. Jumatano, siku waliyoiita ya kuabudu, iligeuka shule, na Jumapili ilibaki na jukwaa lake. Chumba cha ndani kilifanywa maktaba.

Ya mwaka 2018 nitayapita haraka. Wanawake kadhaa walimtuhumu Hybels kwa mwenendo usiofaa. Alikanusha, akang'atuka Aprili, miezi kabla ya muda aliopanga. Agosti baraza zima la wazee likajiuzulu, likiomba radhi kwa jinsi lilivyolishughulikia suala hilo, na mwaka 2019 jopo huru likasema kwamba tuhuma hizo kwa ujumla wake zinaaminika. Siwezi kusema burudani ndiyo iliyozaa hayo. Makanisa ya uvumba na kengele nayo yana aibu zake. Ninachosema ni kidogo zaidi: pale ambapo macho ya watu 7,000 yamezoezwa kutazama mtu mmoja aliyemulikwa, ni vigumu kwa walioketi gizani kumwambia ashuke.

Sasa turudi nyumbani na swali la vyombo, maana najua kuna msomaji anayesubiri niseme ngoma zitolewe kanisani. Hatanisikia nikisema hivyo. Tarehe 30 Aprili 1988 Vatikani iliidhinisha misa ya majimbo ya Zaire, Kongo ya leo, na katika misa hiyo wimbo wa Utukufu huchezwa: padre na wahudumu wanaizunguka altare wakicheza, na waumini wanacheza mahali walipo. Papa Fransisko aliiongoza katika Basilika la Mtakatifu Petro tarehe 1 Desemba 2019, kwa ngoma na vigelegele. Watu wanatoa jasho. Lakini angalia umbo la dansi hiyo. Ni mduara, na katikati ya mduara ni altare. Hakuna anayechezea watazamaji, kwa kuwa hakuna watazamaji. Kwa upande wa Walutheri, mmisionari Howard Olson wa chuo cha theolojia cha Makumira, Tanzania, alikusanya katika miaka ya 1960 nyimbo za sauti za Kiafrika zenye maneno ya ibada, na nyingi ni za kuitikiana: mmoja anatoa, wote wanapokea. Wimbo wa namna hiyo hauwezi kuwa burudani hata ukitaka, kwa sababu mkutano ukinyamaza wimbo umekufa.

Biblia imeweka mambo haya katika sura moja, 2 Samweli 6, na tumezoea kuisoma nusu. Vijana wanaipenda nusu ya pili, Daudi akicheza kwa nguvu zake zote mbele za Bwana na Mikali akimdharau dirishani. Wazee wakitaka kutisha wanachukua nusu ya kwanza, Uza akigusa sanduku la agano na kufa. Isome yote. Mara ya kwanza sanduku lilibebwa juu ya gari jipya linalokokotwa na ng'ombe, mbinu ambayo Wafilisti ndio walioitumia kulirudisha, huku vinubi na matari vikilia. Ilikuwa shangwe kubwa. Ikaisha kwa mazishi. Miezi mitatu baadaye wakalichukua tena, safari hii kwa mabega ya watu, na walipokwenda hatua sita wakasimama kutoa dhabihu. Dansi maarufu ya Daudi inakuja hapo, baada ya mabega, baada ya hatua sita. Muziki ulikuwapo safari zote mbili. Kilichobadilika ni kwamba mara ya pili uzito wa sanduku ulikuwa juu yao wenyewe.

Na Harry je, aachwe? Mtume Paulo alimfikiria Harry kabla ya Hybels. Katika 1 Wakorintho 14 anajiuliza: akiingia asiyeamini akakuta vurugu ya lugha zisizoeleweka, hatasema mna wazimu? Kwa hiyo anaagiza utaratibu na maneno yanayoeleweka. Lakini mwisho anaoutarajia si mgeni kusema amejisikia nyumbani. Anatarajia siri za moyo wake zifunuliwe, aanguke kifudifudi, amwabudu Mungu, akiri kwamba Mungu yumo kati yao. Mgeni huyo hakuvutwa na kilichoandaliwa kwa ajili yake. Alishtushwa na kitu ambacho hakikuandaliwa kwa ajili yake.

Sisi tulikuwa na mipaka yetu, tofauti na ile ya Palatine. Walutheri wanaujua mnada wa mavuno: mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, mua, mayai kwenye kikapu. Dalali wa mnada ni mchekeshaji. Anawataja watu kwa majina, anamtania mwenyekiti wa kwaya, kuku wa elfu kumi anafika elfu sitini na anarudishwa kunadiwa tena. Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Ni burudani kamili, na ina baraka zake. Lakini kwa desturi ilikuwa nje, chini ya mwembe, baada ya baraka. Hakuna mzee aliyeandika kitabu kuhusu mpaka huo. Mlango wenyewe ulitosha. Kama Willow Creek walitenga kwa siku, sisi tulitenga kwa kizingiti.

Siku hizi kizingiti kinavukwa kutoka pande zote, na si na vijana peke yao. Mnada wakati mwingine unaanza kabla ya baraka, ili watu wasitoroke. Kwaya ikiimba, watu wazima wenye vitambi vyao wanapita mbele kuwatuza waimbaji kwa noti, wakizipeperusha kwanza zionekane. Hiyo ni adabu ya taarabu, na kwenye taarabu naiheshimu. Simu zinainuliwa kurekodi wakati wa Ushirika Mtakatifu. Anayesherehesha harusi Jumamosi anaongoza ibada Jumapili kwa maneno yaleyale, na mkutano unajibu vilevile. Nikiyaweka haya karibu na kisa cha South Barrington, naona wao walikosea kwa hesabu na sisi tunakosea kwa mazoea. Wao walijua wameondoa nini na wakakiwekea siku nyingine. Muulize kiongozi wa sifa katika usharika wowote wa mjini ni lini katika juma watu wake hupiga magoti. Wengi watajibu kwenye kesha, na kesha nalo siku hizi lina bango lenye picha za waimbaji.

Kuna mtihani mmoja ambao mji wowote wa Afrika Mashariki hutupa bure. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, bendi inanyamaza mara moja, skrini inakuwa nyeusi, na maneno yaliyokuwa yakisomwa ukutani yanapotea. Kuna sharika ambamo hapo ndipo kila kitu kinasimama: watu wanakaa, wanafungua simu, wanageukia mlango kumtazama fundi anayekimbilia jenereta. Na kuna nyingine ambamo bibi fulani wa mstari wa tatu, ambaye hakuwa akisoma skrini, anaendelea na ubeti aliokuwa ameuanza. Wa jirani anamdaka kwa sauti ya pili. Besi inaingia kutoka nyuma. Nje fundi anavuta kamba, anatukana kwa sauti ya chini, anavuta tena, na hakuna anayemsubiri.